Tundu la Ndoano

Januari, Wisconsin, digrii kumi na moja chini ya sifuri.
Kijito kinafuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni,
maana maji haya ya chemchemi, yatokayo tumboni mwa mwamba,
hayana habari na majira.
Yana joto lile lile la Juni.
Ni sisi tulio juu tunaobadilika.

Ardell Tveit ameegesha gari kando ya zizi la akina Hauge,
akazima injini, akakaa kidogo akiisikiliza inavyopoa.
Miaka thelathini na minane aliendesha lori la maziwa,
shamba hadi shamba kabla hakujapambazuka,
na mpaka leo huamka saa tisa na nusu usiku
akiwa hana maziwa ya kubeba.

Mimi nilikuwa daktari wa ng'ombe.
Mikono hii inayotetemeka
imezama hadi begani katika mitamba wasiohesabika,
usiku kama wa jana, taa ikining'inia msumarini,
nikimgeuza ndama aliyetanguliza matako.
Humo ndani palikuwa na joto, nikuambie,
hata niliona uvivu kuutoa mkono.

Sasa vidole ni vya mtu mwingine.

Tunashuka ukingoni. Theluji inalia chini ya buti.
Trauti wa kiangazi akikuona kivuli hukimbia;
huyu wa baridi hakimbii, hana nguvu za kupoteza.
Amelala chini kabisa, pale maji yanapojivuta,
anafungua kinywa kwa hesabu
kama bahili anayefungua pochi.
Na nzi wetu ni mdogo kuliko punje ya ulezi:
uzi mweusi, unyoya wa shingo ya jogoo,
basi.

Narusha. Mshipi unapanda nyuma yangu, unajikunja, unanyooka.
Narusha tena.
Mara ya nne haupandi:
barafu imeziba pete za fimbo, zote, hadi nchani.
Ardell anaitumbukiza fimbo yake kijitoni, inywe joto.
Namwiga. Kisha, kwa pupa, napiga tawi la mwerebi,
uzi unakatika,
na nzi anabaki kule juu akibembea,
mdudu pekee bondeni kote,
naye si mdudu.

Hapa ndipo penye kazi.
Ardell ana vidole, hana macho.
Mimi nina macho, vidole vimeniaga.
Yeye anaushika uzi, mimi namwelekeza:
juu kidogo, kushoto, umepita, rudi.
Pumzi zetu zinagongana, zinakuwa wingu moja,
miaka mia na arobaini na tisa, ukitujumlisha,
mbele ya tundu moja.
"Nilipokuwa nashona ng'ombe," nasema, "nilitunga uzi gizani."
"Sindano zenu," anasema, "zilikuwa misumari ya reli."
Hajasema maneno mengi hivyo tangu Krismasi.

Unapita.
Analowesha fundo kwa mate, analikaza kwa meno.

Hakuna mshtuko. Ni uzito tu,
kama mtu aliyekushika mkono wa koti kanisani
ili akunong'oneze jambo.
Namleta polepole. Ubavu wa shaba,
madoa mekundu, kila doa na duara lake la buluu iliyopauka.
Simtoi nje; hewa hii ingemgandisha matamvua
kabla sijamaliza kumsifu.
Navua glavu kwa meno, nazamisha mkono,
namshika humo humo,
na vidole vinarudi, kimoja, kingine, vikiuma,
vikikumbuka walikowahi kuingia.
Ananikalia kiganjani zaidi ya ilivyohitajika,
au mimi ndiye niliyemkalisha.
Mkia unapiga mara moja. Mchanga unatulia.

Garini, barafu ya fimbo inayeyuka kiti cha nyuma
na kunidondokea shingoni.
Ardell ananipa kahawa katika kifuniko cha chupa,
kisha anauliza samaki alikuwa na urefu gani.
Alimwona. Alisimama hapo hapo, maji yakimfika magotini.
Natanua viganja,
naongeza kidogo.
Anatikisa kichwa kwa makini, macho barabarani,
kama anayesoma kipimo cha tangi la maziwa
na kukiandika kilivyo.